Neva Ipi, Kipokezi Kipi? Hoja Dhidi ya Kukata Ovyo

Kwa Kiswahili, mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, na mara nyingine ni ngiri. Mgonjwa akiambiwa saratani yake imefuata mshipa, hana njia ya kujua imefuata upi. Utata huo tumeutatua kwa kusema neva. Utata ninaouandikia hapa umejificha ndani ya neno neva lenyewe.

Kauli inayozidi kusikika ni kwamba neva huulisha uvimbe, basi ikikatwa, uvimbe utanyong'onyea. Nusu ya kwanza sina ugomvi nayo. Mwaka 2013 Claire Magnon, Paul Frenette na wenzao wa New York walionyesha kwamba neva huota hadi ndani ya saratani ya tezi dume na kuisukuma mbele. Mwaka 2019 zikaonekana sinapsi halisi kati ya niuroni na seli za glioma ubongoni. Ninachokikataa ni hilo "basi".

Tuitazame neva ya vagasi. Mwaka 2014 kundi la Timothy Wang wa Columbia na Duan Chen wa Trondheim, Norway, lilitumia panya wanaopata saratani ya tumbo. Baadhi yao walikatwa vagasi ya upande mmoja tu. Uvimbe ulipungua pale palipokatwa neva, wala si kwingineko katika tumbo lilelile. Sumu ya botulini ilipodungwa ukutani mwa tumbo, matokeo yakawa hayohayo. Sijui jaribio lililo safi kuliko hili katika uwanja huu: panya mmoja, chakula kimoja, homoni zilezile, na kilichotofautiana ni neva. Walieleza kwamba asetilikolini, kemikali inayotolewa na vagasi, hushika kipokezi cha M3 na kuwasha njia ya Wnt katika seli shina.

Tungeishia hapo, kisu kingeshinda. Lakini mwaka 2018 Bernhard Renz, pamoja na Wang huyohuyo, walichapisha kazi juu ya kongosho. Vagasi ileile ilikatwa chini ya kiwambo, na safari hii saratani ikashika kasi. Panya waliokatwa walipopewa bethanekoli, dawa inayoiga asetilikolini, saratani ikazuiliwa.

Nitajibiwa kwamba vipokezi si vimoja: tumboni ni M3, kwenye kongosho ni M1. Jibu hilo halitoshi. M1 ndicho kipokezi ambacho Magnon na wenzake walikikuta kikisaidia saratani ya tezi dume kusambaa. Kule kilikuwa kwenye seli za tishu zinazouzunguka uvimbe. Kwenye kongosho kilikuwa kwenye seli za saratani zenyewe. Kwa hiyo kujua neva hakutoshi, na kujua kipokezi hakutoshi, mpaka ijulikane kimekaa kwenye seli gani. Kwamba hawa ni panya, kweli. Lakini wanaotetea kukata nao wamesimama juu ya panya haohao.

Sasa njoo kwenye hadubini. Katika slaidi ya kawaida ya hematoksilini na eosini, neva ndogo huonekana kama uzi wa waridi uliopindapinda, na tezi za saratani zimeuzingira kama pete. Msomaji wa slaidi huandika "uvamizi wa neva: upo", kisha huendelea. Rangi hiyo haina uwezo wa kumwambia kama nyuzi ni za simpathetiki au za parasimpathetiki, ilhali katika tezi dume za kwanza zilihusishwa na uvimbe kuanza na za pili na kusambaa kwake. Kingamwili za kuzitenganisha zipo.

Propranololi inapatikana kwa bei nafuu katika maduka yetu ya dawa, na huzuia baadhi ya ishara za simpathetiki, wala si za parasimpathetiki. Mtu aliyesikia tu kwamba neva hulisha saratani ana kila sababu ya kuimeza. Kwa maoni yangu, jaribio lolote la kukata au kuzima neva kwa mgonjwa wa saratani lisipewe kibali cha maadili kama halikutaja aina ya nyuzi, kipokezi, na seli inayokibeba.