Rafu Nne za Usukuma: Historia ya Duka Maalumu la Vitabu kutoka Shinyanga hadi Geita

Duka maalumu la vitabu, yaani duka linalouza vitabu vya taaluma moja, imani moja au hadhira moja, kwa kawaida hudhaniwa kuwa zao la miji mikubwa, ambako wasomaji ni wengi kiasi kwamba kila kundi laweza kuwa na duka lake. Historia ya vitabu katika Usukuma, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi ukanda wa dhahabu wa Geita, imekwenda kinyume cha dhana hiyo, kwa kuwa huku duka maalumu ndilo lililotangulia, na lile lenye vitabu vya kila aina, ambamo riwaya, ushairi, historia na sayansi hukaa pamoja, ndilo ambalo limebaki adimu. Vitabu vililetwa na wenye makusudi yao: misioni zilizotafuta waumini, serikali iliyotaka wakulima wa pamba wajue kusoma, watawala waliotaka mila iwekwe katika maandishi, na idara ya jiolojia iliyotaka kujua kilichomo ardhini. Kwa sababu hiyo, msomaji wa eneo hili ambaye hakuridhika na rafu aliyowekewa alilazimika kuingia katika duka ambalo halikufunguliwa kwa ajili yake, na historia ya rafu hizo nne inaonyesha alichokikuta humo.

Rafu ya misioni

Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadri Weupe, walioitwa hivyo kwa sababu ya kanzu zao, walifungua kituo cha Bukumbi, kusini mwa ilipo Mwanza ya leo, mwaka 1883, na baada yao Waanglikana wa Church Missionary Society wakaanzisha kituo cha Nassa kando ya ziwa, ambacho mwaka 1909 kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, shirika la Kiprotestanti lililoenea baadaye hadi Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga. Katika vituo hivyo kanisa, shule na kabati la vitabu havikutenganishwa, maana mafundisho ya dini yalipitia katika kusoma, na ng'ambo ya ziwa, huko Buganda, Wakristo wa kwanza waliitwa kwa jina hilohilo la wasomaji.

Kazi kubwa kuliko zote iliyotokana na rafu hiyo ni tafsiri ya Biblia kwa Kisukuma, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1925 na kitabu kizima mwaka 1960. Umuhimu wa tafsiri hiyo unavuka mipaka ya imani, kwa kuwa Kisukuma, lugha ya kabila lenye watu wengi kuliko yote nchini Tanzania, hakifundishwi shuleni, na maandishi marefu yaliyochapwa kwa lugha hiyo ni machache mno. Kisukuma kina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano, hivyo kila anayekiandika hana budi kuamua namna ya kuzionyesha zile mbili zisizo na herufi zake katika alfabeti ya Kiswahili, na watafsiri wa vitabu vya dini walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukabili uamuzi huo. Mtafiti wa lugha asiye na dini yoyote, au Mwislamu anayetaka kuona sarufi ya lugha ya bibi yake ikiwa imetandazwa katika mamia ya kurasa, atakipata kitabu hicho katika duka la kanisa.

Upande wa Wakatoliki, uchapaji ulikuwa na kitovu chake Kipalapala, nje ya mji wa Tabora, ambako kiwanda cha chapa cha misioni na idara yake ya vitabu, iliyojulikana kama TMP, vilitoa vitabu vya sala, vya mafundisho na vya masomo, na Tabora ndiko gazeti la Kiongozi la Kanisa Katoliki lilikoanza kutolewa mwaka 1950. Kadiri majimbo mapya yalivyoundwa, Shinyanga mwaka 1956, Kahama mwaka 1983 na Geita mwaka 1984, ndivyo parokia zilizoweza kupokea vitabu hivyo zilivyoongezeka, na kwa njia hiyo kitabu cha Kiswahili kilifika vijijini ambako hapakuwa na mfanyabiashara wa kukiuza.

Uwezo wa rafu ya misioni, pamoja na mpaka wake, unaonekana wazi zaidi katika maisha ya Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alisoma katika shule ya misioni ya Kagunguli na kisha seminari ya Rubya, karibu na Bukoba, alikojifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, na kwa elimu hiyo iliyokusudiwa kumwandaa kuwa padri aliandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa chake, akaimaliza mwaka 1945. Riwaya hiyo inamhusu Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wanandoa waliokawia kupata mtoto, na ndani yake mwandishi amehifadhi kilimo, uvuvi, uganga na adabu za Wakerewe wa kabla ya ukoloni. Kwa kuwa haikuwa kitabu cha ibada wala cha shule, na wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, ilikaa miaka mingi bila mchapishaji, hata mwandishi mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa na Tanzania Publishing House, shirika la uchapishaji la umma, mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake. Rafu iliyomfundisha kusoma haikuwa na nafasi ya kitabu alichokiandika.

Rafu ya pamba

Kusudi la pili lilikuwa la serikali. Kufuatia mkutano wa kimataifa uliofanyika Tehran mwaka 1965, UNESCO iliandaa mpango wa majaribio wa kufuta ujinga katika nchi kadhaa, na Tanzania ikachagua mikoa minne ya ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera, kuwa uwanja wa mradi huo kuanzia mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza. Njia iliyotumika iliitwa kisomo chenye manufaa, maana yake ni kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kutumia kazi ambayo mwanafunzi mtu mzima anaifanya kila siku, kwa hiyo vitabu vya kwanza vya wanakisomo vilihusu pamba, mifugo, uvuvi na migomba. Mradi huo ulifuatwa na gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, lililokusudiwa kumpa msomaji mpya kitu cha kusoma baada ya kumaliza kitabu cha pamba.

Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa takriban theluthi mbili mwaka 1967, walipungua hadi asilimia 39 mwaka 1975 na chini ya asilimia 10 mwaka 1986, mafanikio ambayo nchi chache za Afrika ziliyafikia katika muda mfupi kiasi hicho. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo ya 1980 uhaba wa fedha za kigeni na wa karatasi ulidhoofisha usambazaji wa vitabu uliokuwa mikononi mwa shirika la umma la Tanzania Elimu Supplies, na kizazi kilichofundishwa kusoma kikajikuta na kidogo cha kusoma. Biashara ya vitabu vya kiada iliporuhusiwa kwa wachapishaji binafsi kuanzia mwaka 1991, maduka mengi yaliyofufuka katika miji ya mikoani yaliambatana na mtaala, yakitegemea wazazi wanaonunua vitabu na madaftari shule zinapofunguliwa Januari, nayo yakawa maduka maalumu ya aina nyingine, ambayo mtu mzima asiye na mwanafunzi nyumbani huyapita bila kuingia.

Rafu ya sheria

Rafu ya tatu iligusa nyumba za watu zaidi kuliko nyingine, ingawa ndiyo iliyofunguliwa na wachache. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1953 kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma, na utafiti wake kuhusu mila za makabila mbalimbali ulichangia Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo lilikusanya na kuoanisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kanuni za urithi katika tamko hilo ziliandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mjane wa Shinyanga angeweza kuisoma mwenyewe, na zinasema kwamba mjane mwenye watoto hana fungu katika mali ya mumewe, kwa kuwa fungu lake ni kutunzwa na watoto hao.

Wajane wawili wa jamii ya Wasukuma walipozipinga kanuni hizo, Mahakama Kuu katika hukumu yake ya mwaka 2006 ilikiri kwamba ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzibatilisha, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Maandishi yaliyoamua hatima ya nyumba na mashamba yao yalikuwa yamechapwa tangu mwaka 1963, lakini machapisho ya serikali huhesabiwa kuwa bidhaa ya mawakili na mahakimu. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, hatua kubwa ambayo bado inahitaji rafu ya kuiweka mbele ya macho ya mwananchi.

Rafu ya miamba

Rafu ya nne iko mbali, Dodoma, yalipo makao ya taasisi ya jiolojia iliyoanzishwa mwaka 1925 chini ya Edmund Teale, ambayo hutunza na kuuza ramani za miamba. Ramani ya kawaida huitwa ya robo digrii, kwa maana ya karatasi inayofunika robo ya mraba wenye digrii moja kila upande, sawa na eneo la takriban kilometa 55 kwa 55. Mwaka 1990 ilichapishwa pia ramani ya maeneo ya dhahabu kuzunguka Ziwa Victoria, kazi ya mjiolojia H. Barth, ambayo sentimita yake moja ni kilometa tano ardhini, na ndani yake mikanda ya miamba ya kijani ya Geita na Kahama, miamba ya kale ya volkano na mashapo ambamo dhahabu hupatikana, imechorwa mmoja baada ya mwingine.

Kampuni zilizorejea Geita, ambako mgodi wa zamani ulikuwa umefungwa mwaka 1966, zilikuwa na wataalamu wa kusoma karatasi za namna hiyo, na uzalishaji mkubwa ukaanza tena mwaka 2000. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, anayejua kwa macho na kwa nyundo mwamba unavyolala ndani ya duara, yaani shimo la uchimbaji, ana ujuzi ambao ramani haina, kama ramani nayo ilivyo na upana ambao duara haliwezi kumpa, lakini maelezo ya ramani hiyo yameandikwa kwa Kiingereza na kwa istilahi za chuo kikuu.

Rafu hizi nne hazijawahi kukutana chini ya paa moja, na hapo ndipo ulipo upungufu wa urithi huu wa vitabu, kwa sababu maisha ya msomaji hayakugawanyika kama makusudi ya waliomletea vitabu. Mwanamke wa Geita aweza kuwa mwanakwaya, mwenye shamba la pamba, mjane na mmiliki wa leseni ya duara kwa wakati mmoja. Mfanyabiashara wa Shinyanga au Geita atakayeweka katika chumba kimoja Biblia ya Kisukuma, riwaya ya Kitereza, kanuni za urithi na ramani ya miamba atakuwa amefungua duka la kwanza lililopangwa kwa kumfuata msomaji huyo. Kabla ya siku hiyo, ni haki yake, na ni kwa faida yake, kuvuka kizingiti cha kila duka ambalo halikumkusudia, na kuuliza bei.