Jina la Mfadhili: Kampuni, Tuzo na Fasihi ya Kiswahili

Kiswahili kina maneno mawili ambayo siku hizi hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja: ufadhili na udhamini. La kwanza limetokana na fadhila, yaani wema anaotendewa mtu bila ya kuwa na haki ya kuudai, na ambao humwachia deni la shukrani lisilo na tarehe ya kulipwa. La pili limetokana na dhamana. Mdhamini ni mtu anayejifunga mbele ya wengine kwamba mdaiwa akishindwa, yeye atalipa. Kampuni inapotoa fedha kwa tamasha, kwa kikundi cha maigizo au kwa tuzo ya fasihi, magazeti huiita mdhamini. Aghalabu, hata hivyo, uhusiano wenyewe ni wa fadhila, kwa kuwa kampuni hubaki na hiari ya kuondoka msimu ukiisha. Makala haya yanaitazama historia ya fedha za kampuni katika tuzo zilizowagusa waandishi wa Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba uhakiki umelielekeza jicho lake zaidi kwenye chimbuko la fedha hizo, ilhali kilichoathiri fasihi yenyewe ni masharti yaliyoandamana nazo, hasa mawili ambayo husomwa haraka katika matangazo: lugha inayokubaliwa, na mahali ambapo kitabu kinatakiwa kuchapishwa.

Mwenye mali kumtunza mtunzi si jambo geni katika pwani hii. Chuo cha Herekali cha Bwana Mwengo wa Athman, ambacho kwa kawaida hutajwa kuwa cha mwaka 1728, kilitungwa katika mazingira ya watawala wa Pate. Na Muyaka bin Haji, katika karne iliyofuata, hawezi kueleweka nje ya Mombasa ya akina Mazrui. Katika utaratibu ule, mtawala alitarajia kuonekana ndani ya shairi. Kampuni ya kisasa haidai kusifiwa ndani ya matini. Inadai tu kwamba jina lake litangulie matini. Dai hili linaonekana dogo, na huenda ndiyo sababu halijachunguzwa vya kutosha.

Baina ya mtawala na kampuni alikuwapo mfadhili wa tatu, naye ni serikali ya kikoloni. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliendesha mashindano ya uandishi, na katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya 1957 na 1958 Muhammed Said Abdulla alipata nafasi ya kwanza kwa mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa mwaka 1960. Yafaa kukumbuka kwamba kilichotuzwa kilikuwa mswada, wala si kitabu kilichokwisha kuchapwa. Bwana Msa, mpelelezi ambaye wanafunzi wengi wa riwaya ya Kiswahili huanzia kwake, aliingia katika fasihi kupitia mlango wa sharti hilo. Mashindano yaliyopokea vitabu vilivyochapishwa pekee yasingemwona.

Kampuni iliyoufanya ufadhili wa fasihi kuwa desturi ya kimataifa ilikuwa ya sukari. Booker McConnell ilijenga utajiri wake katika mashamba ya miwa ya Guiana ya Waingereza, nchi iliyoitwa Guyana baada ya uhuru wa 1966. Katika miaka ya 1960 kampuni hiyo ilinunua hisa katika haki za vitabu vya Ian Fleming na Agatha Christie, ikawa na idara ya waandishi kando ya miwa, na kutokana na idara hiyo ikazuka tuzo iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Mwaka 1972 John Berger aliipata kwa riwaya yake G. Alipoipokea alieleza kwamba utajiri wa mfadhili ulitokana na unyonyaji wa Karibi, akatangaza kuwa angetoa nusu ya pauni 5,000 alizopewa kwa chama cha Black Panther cha London, na nusu ya pili ingegharimia kazi yake juu ya vibarua wahamiaji wa Ulaya. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1975 kwa jina la A Seventh Man.

Kitendo cha Berger hutajwa mara nyingi kama kilele cha uadilifu wa msanii mbele ya fedha. Kisichotajwa ni kwamba wakati huohuo kampuni ileile ilikuwa imekwisha kufika magharibi mwa Kenya. Serikali ya Kenya iliipa kazi ya kuchunguza uwezekano wa kilimo cha miwa katika eneo la Mumias. Kampuni ya Sukari ya Mumias ikaandikishwa mwaka 1971 na kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973. Usimamizi wake ulibaki mikononi mwa Booker, na baadaye warithi wake Booker Tate, hadi mwaka 2003. Mkulima wa Mumias, kwa hiyo, na hakimu wa riwaya wa London walikuwa kwa miaka mingi chini ya kivuli cha jina moja. Tuzo ilikuwa kwa riwaya za Kiingereza. Hakuna aliyefikiria kwamba mchumba wa miwa huyu wa Guyana na Mumias angetuza utanzu wowote katika Krioli ya Demerara, sembuse Kiluhya au Kiswahili. Kanuni inayojitokeza hapa itaonekana tena: kampuni huituza lugha ya wale ambao inataka wailiheshimu jina lake, na kwa nadra sana lugha ya wale wanaoizalishia mali.

Nchini Kenya kwenyewe, Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ilianza mwaka 1974 chini ya wachapishaji. Kwa upande wa Kiswahili ilimwendea Abdilatif Abdalla kwa Sauti ya Dhiki, diwani ya mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya kijikaratasi chake cha kuipinga serikali ya huyohuyo ambaye tuzo ilibeba jina lake. Kinaya hiki kimezungumziwa sana. Lililo muhimu kwa mjadala huu ni kwamba jina lililo juu ya tuzo halikuwafunga majaji. Tuzo hiyo haikutolewa kwa mfululizo, na ilipofufuliwa ilikuja kuegemea duka kubwa la vitabu la Nairobi, Text Book Centre, ambalo jina lake liliwekwa mbele ya lile la rais wa kwanza. Muuza vitabu kuwa mfadhili wa waandishi ni jambo la kimantiki. Lakini muuza vitabu Kenya huishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya Kiswahili nchini imekuwa ikitazama orodha ya vitabu vya kutahiniwa kama mwenye njaa atazamavyo jiko. Mnunuzi huyu wa shule ni mfadhili mkubwa kuliko kampuni yoyote, ingawa haitwi hivyo.

Tuzo ya Noma ilikuwa na sura nyingine kabisa. Iliasisiwa mwaka 1979 na Shoichi Noma, mkuu wa kampuni ya uchapishaji ya Kodansha ya Japani, na mwaka 1980 ikamwendea Mariama Bâ wa Senegali kwa Une si longue lettre. Kodansha haikuwa na soko la maana barani Afrika, na pengine hilo ndilo lililoipa uhuru wa kuweka masharti mawili ambayo hayakuwa na mfano. Kwanza, lugha yoyote ilikubaliwa, iwe ya Kiafrika au ya Kizungu. Pili, kitabu kilipaswa kuwa kimechapishwa barani Afrika. Mwandishi wa Kiafrika aliyechapishwa London au Paris hakuwa na nafasi, hata angekuwa maarufu kiasi gani. Sharti hili la pili lilimtuza mchapishaji pamoja na mwandishi, na liliwalazimisha majaji kusoma vitabu ambavyo vinginevyo visingevuka mpaka wa nchi vilimochapwa.

Matunda yake kwa Kiswahili yalikuja mwaka 2000, Kimani Njogu na Rocha Chimerah walipotunukiwa kwa Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu, kilichotolewa na Jomo Kenyatta Foundation mwaka 1999. Kitabu cha nadharia, kilichoandikwa kwa Kiswahili, kikiwalenga walimu, kilishindana na riwaya na tafiti za Kifaransa na Kiingereza kutoka bara zima, kikashinda. Wanafunzi wa idara za Kiswahili wamekitumia kitabu hiki kwa miaka mingi bila ya kujua kwamba fedha zilizokitukuza zilitoka kwa wasomaji wa majarida ya Tokyo. Katika miaka ya mwisho kamati ya tuzo iliongozwa na Walter Bgoya, mchapishaji wa Dar es Salaam. Mwaka 2009 Noma ilikoma. Mfadhili aliamua basi, na miaka 30 ya masharti bora kuliko yote ikafungwa bila ya Afrika kuwa na mdhamini wa kuichukua dhamana.

Tuzo ya Caine, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, inaturudisha kwenye sukari, kwani Sir Michael Caine ambaye inabeba jina lake alikuwa mwenyekiti wa Booker. Masharti yake yalikuwa hadithi fupi ya mwandishi wa Kiafrika iliyochapishwa kwa Kiingereza, tafsiri zikiruhusiwa. Binyavanga Wainaina aliipata mwaka 2002, na jarida la Kwani? lililoanza Nairobi mwaka uliofuata halingeeleweka bila ya nguvu ambayo tuzo hiyo ilimpa. Hilo ni pato halisi, na si haki kulidharau. Lakini mtunzi wa hadithi fupi wa Kiswahili, katika utanzu ambao magazeti na redio vimeulea kwa miongo mingi, angeweza kuingia tu iwapo mtu mwingine angemtafsiri na mwingine tena akachapisha tafsiri. Mlango ulikuwa wazi, ila ulikuwa juu ya ukuta.

Ni kutoka katika mazingira hayo ndipo ilipotokea Tuzo ya Mabati-Cornell ya Kiswahili kwa Fasihi ya Afrika, iliyoasisiwa mwaka 2014 na Mũkoma wa Ngũgĩ, aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Cornell, na Lizzy Attree, ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wa Tuzo ya Caine. Fedha zilitoka kwa Mabati Rolling Mills ya Kenya na ALAF ya Tanzania, kampuni mbili za kundi la Safal ambazo hutengeneza mabati ya kuezekea, pamoja na chuo chenyewe. Jumla ya dola 15,000 ziligawanywa baina ya washindi wa mwaka wa kwanza, na bodi ya wadhamini ikaongozwa na Abdilatif Abdalla. Mfungwa wa 1969 sasa ndiye aliyekuwa akiangalia jinsi jina la mfadhili lisivyoizidi kazi.

Kwa nini mabati yatuze ushairi? Jibu liko katika ile kanuni iliyotajwa. Bati ni bidhaa inayonunuliwa na mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe, kijijini au pembeni mwa mji, kutoka Mariakani hadi bara ya Tanzania na kwingineko; na ramani ya wanunuzi wake inakaribia sana kufanana na ramani ya wasemaji wa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza, kampuni ilikuwa na sababu ya kibiashara ya kutaka kuheshimiwa kwa Kiswahili. Mhakiki anayeona haya kwa sababu hiyo angefanya vyema kukumbuka kwamba sababu ya Booker ilikuwa ya namna hiyohiyo, ila lugha ndiyo iliyokuwa nyingine.

Sharti lililozaa zaidi, hata hivyo, ni lile la miswada. Tuzo ilipokea kazi ambazo hazijachapishwa, na washindi walipewa njia ya kufikia mchapishaji. Anna Samwel Manyanza alishinda mwaka 2015 kwa riwaya ya Penzi la Damu, na Mohammed Khelef Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu, mashairi ya Mzanzibari anayeishi Ujerumani. Mwaka 2017 walifuata Ali Hilal Ali kwa Mmeza Fupa na Dotto Rangimoto kwa Mwanangu Rudi Nyumbani. Mwaka 2018 Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwi na Jacob Ngumbau Julius kwa Moto wa Kifuu. Ukiisoma orodha hii kando ya orodha ya vitabu vya kutahiniwa vya Kenya, unakutana na fasihi mbili. Diwani nzima ya mtunzi mmoja, ambayo mchapishaji wa Nairobi angeirudisha kwa sababu hakuna darasa litakaloinunua, hapa imetengewa fungu lake sawa na riwaya. Uzito wa Zanzibar na Tanzania bara miongoni mwa washindi nao hauelezeki kwa ubora wa lugha tu, kama inavyodaiwa barazani. Mwandishi wa Kenya amekwisha kuzoezwa kuandikia mnunuzi wa shule, na mswada usiomfaa mnunuzi huyo haumalizi kuandikwa.

Tangu kuanza kwake tuzo hii imebadilisha jina: Mabati-Cornell ikawa Safal-Cornell, kisha Safal peke yake. Jina la chuo limeondoka na la mwenye mabati limebaki, wakati ambapo walimu wa Kiswahili wa vyuo vya Afrika Mashariki ndio hutegemewa kuisoma miswada na kuiamua. Hakuna chuo kikuu hata kimoja cha Afrika Mashariki ambacho kimewahi kuwamo katika jina hilo.