Feni ya kompyuta na usiku nilioichomoa

Najua nimepotea. Wiki mbili bila neno humu, na wale mliokuwa mnauliza kulikoni, leo nawajibu: nilikuwa nalipia ujinga wangu mwenyewe.

Kisa ni kifupi. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Pentium 4, umri wake karibu sawa na wangu. Niliinunua boom lilipotoka, nikaiweka mezani pembeni ya kitanda. Kuandika inaandika vizuri tu, lakini feni yake, jamani! Ukiiwasha utadhani daladala bovu linapandisha mlima. Siku hiyo mshikaji wangu wa chumbani alikuwa na pepa asubuhi. Akaniomba kwa upole, "Kaka, hiyo mashine haina namna?" Saa saba usiku nikafungua ubavu wake, nikachomoa waya wa feni ya prosesa. Kimya kikatanda, mshikaji akalala, nami nikajiona fundi. Baada ya dakika chache mashine ikaanza kujivuta. Namaliza neno ndiyo herufi zinaanza kutokea. Halafu pap, ikazimika. Kurasa saba za utafiti wangu ambazo sikuwa nimezihifadhi zikaenda nayo.

Mimi nasoma historia, si uhandisi. Kwa hiyo nilipomaliza kujilaumu nikafanya kile tunachofundishwa kufanya: nikauliza tumefikaje hapa. Kwa nini kompyuta ilipewa feni, na kwa nini imechukua miaka mingi namna hii kuinyamazisha? Nilichokikuta ni kwamba nilichofanya mimi saa saba usiku kilishafanywa na mtu maarufu sana, tena kwa makusudi, mwaka 1980.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1977 kampuni ya Apple ilitoa Apple II, kompyuta isiyo na feni. Steve Jobs hakutaka kelele ndani ya nyumba ya mtu. Aliyemwezesha ni mhandisi Rod Holt, aliyebuni pawa saplai ya aina ya kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, ambayo ilipoteza umeme kidogo kwa njia ya joto kuliko zile za kawaida za wakati huo. Hapo mambo yalikwenda vizuri kwa sababu joto lenyewe lilipunguzwa kule linakozaliwa.

Mwaka 1980 ikaja Apple III. Jobs akashikilia msimamo uleule: hakuna feni. Safari hii mashine ilikuwa imejaa vitu zaidi, na kazi ya kutoa joto ikaachiwa umbo zito la alumini. Haikutosha. Mashine zilipata moto, chipu zikawa zinalegea kwenye vishikizo vyake, na Apple ikalazimika kubadilishia wateja maelfu ya mashine. Ushauri mmoja uliotolewa kwa wateja ukabaki kichekesho hadi leo: inua mashine inchi chache kutoka mezani, kisha iachie ianguke, ili chipu zirudi mahali pake! Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Apple III ilizikwa mwaka 1984.

Wakati huohuo IBM walikwenda njia nyingine. Kompyuta yao ya mwaka 1981, ambayo ndiyo bibi wa PC zetu zote, iliwekewa feni ndani ya pawa saplai yenye nguvu ya wati 63.5 tu. Prosesa yake haikuhitaji hata kipande cha alumini cha kuipoza. Feni moja ilitosha mashine nzima, na kelele yake ikahesabiwa kuwa ni sauti ya kazi, kama mashine ya kusaga. Nadhani hapo ndipo tulipozoea. Kwa miaka mingi baadaye watu walihesabu kelele ya kompyuta kama tunavyohesabu kelele za jenereta: haipendezi, lakini ndiyo hali halisi.

Tatizo likakua taratibu. Mwaka 1993 Intel walitoa Pentium za kwanza, zilizotumia volti 5 na kutoa joto la karibu wati 15. Kwa chipu inayoenea kwenye kiganja hilo ni joto kubwa, na feni ndogo iliyokaa juu ya bonge la alumini lenye mapezi ikawa kitu cha kawaida. Kutoka hapo yakaanza mashindano ya gigahezi. Kufikia mwaka 2001 prosesa ya AMD Athlon ya gigahezi 1.4 ilikuwa inafika wati 72. Mwaka huohuo Tom's Hardware walionyesha video ambayo watu wa kompyuta hawajaisahau: waling'oa kipozeo juu ya prosesa zikiwa kazini. Athlon ikatoa moshi na kufa papo hapo. Pentium 4 ikapunguza kasi na kuendelea kutambaa. Sasa nimeelewa kwa nini mashine yangu ilijivuta kabla ya kuzimika. Ilikuwa inajiokoa. Kama ningekuwa na Athlon ya mwaka ule nikang'oa na bonge lake la alumini, leo ningekuwa nawaandikia kutoka maktaba.

Wapenda kasi wa miaka ile hawakujali masikio. Walinunua feni za Delta zenye upana wa milimita 60 zilizozunguka karibu mara 7,000 kwa dakika. Mwaka 2003 Nvidia nao wakatoa kadi ya picha ya GeForce FX 5800 Ultra, ambayo ilipiga kelele hadi wanunuzi wakaibatiza jina la kifyonza vumbi, na kampuni yenyewe ikatengeneza video ya kujicheka. Mwaka 2004 ikaja Pentium 4 ya kizazi kilichoitwa Prescott, ambazo baadhi yake zilifika wati 115. Hiyo ndiyo familia ya mashine yangu. Kumbe nilinunua mtoto wa kilele cha kelele!

Lakini ndani ya miaka hiyohiyo kulikuwa na watu waliokuwa wanauliza swali tofauti. Wengine walikuwa wanauliza "feni hii inavuta hewa kiasi gani?" Hawa wakauliza "inavuta kiasi gani kwa kelele kiasi gani?" Nchini Korea Kusini kampuni ya Zalman, iliyoanzishwa mwaka 1999, iliuza vipozeo vya shaba vilivyochanua kama ua, na jina la bidhaa zake, CNPS, lilikuwa ufupisho wa maneno yenye maana ya mfumo wa kuzuia kelele za kompyuta. Mwaka 2003 Antec wakatoa kasha la Sonata, lenye nafasi ya feni ya milimita 120 nyuma badala ya zile za milimita 80 zilizokuwa zimezoeleka.

Hapa nawaomba mnivumilie kidogo, kuna hesabu, lakini ndiyo roho ya habari yote. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa desibeli kama 15. Sikio huhesabu desibeli 10 kama nusu ya ukelele, kwa hiyo hiyo ni tofauti kubwa mno. Tena, kwa feni zenye umbo moja na kasi moja, hewa hukua kwa mchemraba wa upana. Kutoka milimita 80 hadi 120 ni mara 1.5 kwa upana, na mara 3.4 hivi kwa hewa. Yaani kazi inayofanywa na feni ndogo kwa mizunguko 3,000, feni kubwa inaifanya kwa mizunguko 900. Pangaboi la darasani linatufundisha hilo kila siku, tatizo hatulitazami.

Mwaka 2004 likaongezeka jambo la pili. Feni za prosesa zikapewa waya wa nne, ambao kupitia kwake mashine inaiamuru feni iende kasi gani kulingana na joto. Ishara zile hutumwa mara 25,000 hivi kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio la binadamu, ili amri ya kunyamaza isije ikawa kelele yenyewe.

La tatu ndilo kubwa zaidi, na halikutoka kwa watengeneza feni. Mwaka huohuo wa 2004 Intel waligonga ukuta. Walifuta mradi wa prosesa iliyokuwa irithi Prescott, kisha wakafuta na Pentium 4 ya gigahezi 4. Joto lilikuwa limewashinda. Mwaka 2006 wakaja na Core 2 Duo, nyingi za wati 65, zilizofanya kazi nyingi zaidi kwa joto dogo zaidi. Hapo ndipo feni ilipopata nafasi ya kupumua. Somo la Rod Holt la mwaka 1977 lilikuwa limerudi kwa mlango wa nyuma.

Sasa tuje kwenye feni za kizazi kipya, maana kuna rafiki aliniambia, "Acha historia, niambie ninunue ipi."

Feni kubwa inayokwenda polepole ina udhaifu mmoja: haina msukumo. Ikikutana na mapezi yaliyobanana au chujio la vumbi, hewa inarudi nyuma kupitia ule mwanya kati ya ncha za panga na fremu. Dawa ni kubana mwanya. Ila plastiki ya kawaida hutanuka taratibu kwa joto na mzunguko, na panga zingeanza kukwaruza fremu. Noctua wa Austria, walioingia sokoni mwaka 2005, walitoa mwaka 2018 feni ya NF-A12x25, yenye mwanya wa nusu milimita tu. Waliweza kwa kutumia plastiki ngumu isiyotanuka kirahisi. Mwaka 2021 Phanteks wakafuata na T30, nene zaidi, milimita 30 badala ya 25. Kisha mwaka 2024 na 2025 Noctua wakatoa kizazi cha pili cha feni zao, na humo kuna jambo lililonifurahisha: zikiuzwa mbili pamoja, kasi zake hutofautishwa kidogo kwa makusudi. Feni mbili zenye kasi zinazokaribiana mno hutoa mvumo unaopanda na kushuka, wuu, wuu, wuu. Ukimsikiliza mpiga gitaa akikaza nyuzi mbili utausikia huohuo.

Tathmini yangu basi. Usiamini desibeli zilizoandikwa kwenye boksi kabla hujajua zilipimwa umbali gani. Kipimo cha nusu mita na cha mita moja kinatofautiana kwa desibeli kama 6, na feni ni ileile. Usiamini hewa iliyopimwa feni ikiwa imesimama peke yake bila kizuizi, maana kwako itakaa mbele ya mapezi na vumbi. Kipimo cha haki ni kimoja: feni zote zifanywe ziwe na kelele sawa, kisha tuone ipi inaiacha prosesa na joto dogo zaidi. Kwa kipimo hicho hizi mpya ni bora kuliko za zamani, ila hatua zake ni ndogo. Hatua kubwa zilishapigwa kati ya mwaka 2003 na 2006, pale feni zilipopanuka, zikapewa waya wa nne, na prosesa zikapungua moto. Kama boom lako ni kama langu, feni ya kawaida ya milimita 120 inayokwenda polepole itakupa sehemu kubwa ya kimya kile. Pesa ya feni ghali ina maana kama vingine vyote umeshavimaliza.

Na kwetu Dar kuna jambo lingine: hakuna feni inayoweza kupoza kitu chini ya joto la chumba. Kipimo kikifanyika kwenye chumba cha nyuzi 22, nami nalala kwenye nyuzi 32, niongeze nyuzi 10 kwenye kila namba ninayosoma. Futa vumbi kwanza, ndiyo ununue feni.

Jobs naye hatimaye alipata ushindi, ila hakuuona. Mwaka 2020, miaka 40 baada ya Apple III na 9 baada ya yeye kufariki, Apple walitoa MacBook Air yenye chipu ya M1, haina feni, na inafanya kazi. Ndoto ilikuwa ileile ya mwaka 1980. Kilichobadilika ni kwamba safari hii joto halikufichwa, lilipunguzwa kwanza.

Mimi nimeirudisha feni yangu. Nimeisafisha, nimeweka mafuta mapya kati ya prosesa na bonge lake, na kwenye tundu la nyuma nimefunga feni ya milimita 120 niliyoiokota kwa fundi kwenye mashine iliyokufa. Feni ya prosesa sasa haikimbii tena kama mwanzo. Kimya kabisa hakuna, lakini jana mshikaji alilala nikiwa naandika ukurasa wa tano kati ya zile saba zilizopotea. Pepa lake, anasema, lilikwenda vizuri.

Nahifadhi kila baada ya aya. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.