Askari wa Burma Baada ya Kuvua Magwanda

Wakitajwa Waafrika Mashariki waliopigana Vita Vikuu vya Pili, yanayotangulia mdomoni ni majina machache: Waruhiu Itote aliyekuja kuitwa Jenerali China katika uasi wa Mau Mau nchini Kenya, Bildad Kaggia aliyeshtakiwa katika kesi ya Kapenguria iliyohusu uasi huo, na ndugu wawili wa Dar es Salaam, Abdulwahid na Ally Sykes, waliokuwamo katika kuasisi chama cha TANU mwaka 1954. Husemwa kwamba vita viliwafumbua macho, wakarudi kudai uhuru. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanawaruka watu wengi mno. Afrika Mashariki ilitoa askari wapatao 320,000, na walio wengi hawakuhutubia mkutano wala kuingia msituni. Ukifuatilia maisha yao ya uraiani utaona kwamba uchungu wao ulikomaa nyumbani kuliko vitani, pale waliporudi wakakuta kazi waliyoifanya haihesabiwi.

Na kazi yenyewe haikuwa ndogo. Vikosi vya King's African Rifles (KAR) vilipigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia mwaka 1941, vikapelekwa Madagaska mwaka uliofuata, kisha Asia. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Watu karibu 1,300 walikufa, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Divisheni ya 11, yenye kifaru kwenye beji yake, ilishuka bonde la Kabaw nchini Burma katikati ya masika ya huko, kwenye matope na malaria, ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Jeshi hilo lilihitaji zaidi ya watu wa kushika bunduki. Lilihitaji madereva, mafundi wa magari, makarani, wauguzi na watu wa mawasiliano, likawafundisha kazi hizo vijana ambao serikali ya kikoloni ilikuwa imewaona wa jembe tu. Wengi walijifunza kusoma na kuandika humohumo kambini, na kijana wa Ukambani alielewana na mwenzake wa Unyamwezi kwa Kiswahili. Hata hivyo mishahara ilipangwa kwa rangi, na kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilipangwa vivyo hivyo.

Hapo ndipo palipoumiza. Dereva aliyeendesha lori la jeshi kwenye milima ya Burma alirudi Kenya akatakiwa kuvaa kipande, kitambulisho cha kikoloni cha wafanyakazi Waafrika, kama kibarua yeyote. Wengine walichanga viinua mgongo vyao ili wanunue lori au wafungue duka, wakakumbana na leseni zisizopatikana, bei zilizopanda na wafanyabiashara waliowatangulia kwa mtaji. Serikali ilianzisha mafunzo ya ufundi na biashara, kama yale ya Jeanes School, Kabete, lakini nafasi hazikuwatosha walioachishwa jeshi. Wakati huohuo Wazungu waliotoka vita hivyohivyo waliandaliwa mpango wa kupewa mashamba kwenye nyanda za juu. Sioni jambo lililokuwa wazi zaidi machoni pa askari wa kawaida: vita vilikuwa vimoja, malipo mawili.

Mwanahistoria Timothy Parsons amepinga dhana kwamba maaskari wastaafu ndio waliotangulia katika siasa. Anaonyesha kwamba wengi walitulia makwao, na wapo walioendelea kulitumikia jeshi lilelile wakati wa Mau Mau. Nakubali. Lakini hoja hiyo inanisaidia badala ya kunibomoa. Kama Burma yenyewe ingetengeneza waasi, Wakamba, waliojaa katika KAR, wangekuwa mstari wa mbele wa uasi wa silaha. Uasi uliwaka zaidi kwa Wakikuyu, ambako ardhi ilikuwa imebanwa na mtu hakuwa na pa kurudi kulima.

Yupo atakayejibu kwamba Itote mwenyewe ameandika jinsi mazungumzo na askari Mwingereza huko Burma yalivyomtia maswali kuhusu vita alivyokuwa akipigana. Ni kweli, na sidai kwamba aliyoyasikia mbali hayakuwa na uzito. Lakini Itote, aliyekuwa koplo, alirudi mwaka 1945, akafanya kazi ya kuchochea moto wa garimoshi kwenye reli, akajiunga na siasa za chama cha KAU (Kenya African Union), na hakuingia msituni hadi mwaka 1952. Swali la Burma lilikaa naye miaka saba ya mishahara midogo na milango iliyofungwa kabla ya kugeuka silaha. Maelfu waliorudi pamoja naye hawakuandika kitabu. Walibaki madereva, washona nguo, walinzi, wakulima wa vishamba, na anayetaka kuwajua inambidi aiache medali kabatini, awaulize watoto wao na wajukuu jinsi baba zao walivyoipata leseni ya duka, au walivyoikosa.