Picha ya Guernica: Jinsi Msanii Ajengavyo Kazi Yake

Wasikilizaji wetu, twadhani mara nyingi kwamba msanii huiona kazi yake nzima moyoni, kisha huitoa kama atoaye nguo sandukuni. Sivyo.

Tarehe 26 Aprili 1937, ndege za Wajerumani na Waitalia ziliutupia mabomu mji wa Guernica, nchini Hispania, zikaua watu wasio na silaha. Pablo Picasso, Mhispania aliyekaa Paris, alikuwa ameombwa tangu Januari kuchora picha kubwa ya maonyesho, wala hakuwa amepata la kuchora. Habari zile zilimpa. Tarehe 1 Mei akaanza kwa michoro midogo. Kisha akawamba turubai lenye urefu wa karibu mita 8.

Mpiga picha Dora Maar aliipiga kazi ile kwa kamera hatua kwa hatua. Twaona kwamba hapo mwanzo askari aliyeanguka aliinua mkono, amekunja ngumi, kama asiyeshindwa. Picasso akaufuta. Farasi aliyeinamisha kichwa, akamwinua kichwa, kinywa wazi kwa maumivu.

Kazi ilipokwisha mwezi wa Juni, haikuwa na shujaa, bali vilio vya walioteswa. Nasi basi tusione haya kufuta, maana pengine ukweli hungoja chini ya mstari wa kwanza.