Nani alisema kiraka ni aibu? Historia ya sindano Bungoma na Kitale

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili aliniletea majuzi tafsiri ya hadithi fupi ya Kimarekani. Ndani yake bibi anampa mjukuu zawadi ya Krismasi: tandiko zito la kitanda alilolishona mwenyewe kwa vipande vya nguo kuukuu za watu wa ukoo, baadhi yao marehemu. Kila palipotajwa tandiko hilo, mwanafunzi aliandika "blanketi la Kizungu". Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila kusita, "Prof, kitu kama hicho kwetu hakipo."

Kwao ni Kimilili. Kwetu ni mwendo wa bodaboda tu kutoka hapo, kwa hivyo jibu lake lilinigusa.

Neno lipo. Ni mfarishi. Kamusi zetu zinalo, kwa maana ya tandiko la kitanda lililotiwa pamba na kushonwa juu. Lakini wacha niseme ukweli, sijawahi kumsikia mtu wa Bungoma akilitamka. Mama yangu alikuwa na tandiko la aina hiyo, la mabaki ya sare za shule, mifuko ya unga wa ngano na koti la baba lililoliwa na nondo. Sisi tuliliita "blanketi ya viraka". Najua upatanisho huo utawakera wasahihishaji, ila ndivyo tulivyosema. Kwa hivyo neno liko kwenye kamusi, kitu kiko kitandani, na mwanafunzi wa shahada ya pili anaapa kwamba havipo vyote viwili.

Nadhani sababu moja ni hilo neno kiraka lenyewe. Shuleni tulichekwa kwa sababu ya kiraka kwenye kaptura. Ajabu ni kwamba ukifungua kurasa za michezo za gazeti lolote la Kiswahili, mchezaji kiraka ni mtu wa kusifiwa, yule ambaye kocha anamweka beki leo na kiungo kesho. Mpirani kiraka ni hazina, mwilini ni umaskini. Nani alipanga hivyo?

Pwani, ambako Kiswahili chenyewe kilikulia, kuunga vipande hakukuwa aibu hata kidogo. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za mraba zilizokuja zikiwa bado zimeungana kwenye jora. Walikata leso sita, wakazigawa tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu na kupata vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona mtindo huo unapendwa ndipo wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa tayari, na hivyo tukapata kanga. Leso ni neno tulilochukua kwa Wareno, kama foronya na meza. Vazi linalohesabiwa kuwa kitambulisho cha mwanamke Mswahili lilianza kama kazi ya kuunganisha vipande.

Kitambaa kingine, merikani, kinaturudisha kwenye hadithi ya mwanafunzi wangu. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka wa 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta Zanzibar pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Waswahili waliipa jina la nchi ilikotoka. Pamba ya viwanda hivyo ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Mmoja wa waliozaliwa utumwani huko, Harriet Powers wa Georgia, alishona mwaka wa 1886 mfarishi wenye picha za visa vya Biblia. Dhiki ilipombana aliuuza kwa dola 5. Mnunuzi, mwalimu wa sanaa aliyeitwa Jennie Smith, alimwomba aeleze maana ya kila kipande na akaandika maelezo hayo. Leo mfarishi huo uko katika makumbusho ya taifa ya Marekani, Smithsonian. Naomba msomaji akumbuke kwamba kuna mtu aliuliza na kuandika.

Huku kwetu sindano ilifika kwa njia ya dini na serikali. Wamisheni wa Kikweka kutoka Marekani walifungua kituo Kaimosi mwaka wa 1902, na kutoka huko kazi yao ikasambaa hadi Lugulu na kwingineko Bungoma. Msichana aliyepelekwa shule ya misheni alifunzwa kusoma, kuomba na kushona. Baadaye ikaja Jeanes School ya Kabete, na mwaka wa 1952, mwaka ule ule wa kutangazwa kwa hali ya hatari, kikaanzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake chini ya mwavuli wa idara ya serikali ya kikoloni. Vilabu vyake vilifundisha upishi, malezi na sindano. Wanahistoria wameandika sana kwamba nia ilikuwa kuwatuliza wanawake na kuwafanya wake wema wa nyumbani. Sina ubishi na hilo. Ninachokataa ni kuachia hapo, kana kwamba wanafunzi hao walipokea tu.

Kukhu yangu hakusoma misheni. Babu alikuwa kibarua katika shamba la mlowezi Trans Nzoia, miaka ile reli ilikuwa imeshafika Kitale (ilifika 1926) na mahindi ya walowezi yakisafirishwa kwa mabehewa. Kukhu alifua na kupiga pasi nguo za memsahibu. Alipopiga pasi vitambaa vya sinia alihesabu matundu ya uzi kwa kidole, akaenda nayo nyumbani kichwani. Kulabu yake ya kufumia ilikuwa spoku ya baiskeli iliyosuguliwa juu ya jiwe hadi ncha ikapinda. Alikufa akiwa hajui kuandika jina lake, lakini aliweza kufuma waridi lenye majani manane bila kupoteza hesabu, na kazi hiyo, kwa mtu aliyewahi kuijaribu, ni hisabati tupu.

Wakati huo huo wake wa walowezi nao walikuwa wakishona historia yao. East Africa Women's League, chama chao kilichoanzishwa 1917, kilikusanya picha zilizodariziwa na wanachama zikionyesha maisha ya walowezi, na mwaka wa 1962 kikatoa kitabu kuzihusu, They Made It Their Home. Sioni kosa katika hilo. Watu wana haki ya kujikumbuka. Lakini kitabu cha vitambaa vya mwanamke aliyekuwa akipiga pasi kwenye chumba cha nyuma kiko wapi? Baada ya uhuru familia nyingi za Bungoma zilinunua mashamba katika skimu za Trans Nzoia, na sanaa hiyo ikarudi kwenye ardhi ile ile, safari hii juu ya viti vya wenye mashamba wapya.

Mama yangu aliirithi. Kuanzia Oktoba kila mwaka alifuma usiku kwa taa ya chemni, kwa sababu Desemba wenyeji wa Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani na kila nyumba inataka kuonekana. Kuta zinapakwa udongo upya, majani yanafyekwa, na viti vinavalishwa. Seti kamili ilikuwa na vya migongo ya viti, vya mikono, cha meza kubwa na vya vimeza. Baada ya kufua alivitia kwenye uji mwepesi wa muhogo, akavitandaza juani hadi vikakakamaa. Mshono aliouuza zaidi aliuita nanasi. Mwingine, wa miraba iliyojazwa na mingine kuachwa wazi, uliweza kuandika maneno: Karibu Mgeni, au Heri ya Krismasi, mara nyingine herufi moja ikiwa imekosa nafasi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 na masomo yake ya sayansi kimu na kazi za mikono, wateja waliongezeka ghafla. Nafikiri nusu ya kazi za mikono za watahiniwa wa kijijini kwetu zilitoka mkononi mwake. Walimu walijua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka wa 1991, nikiwa nimerudi na shahada yangu ya uzamifu kutoka ng'ambo, nilileta wenzangu wawili kutoka chuoni kula Krismasi nyumbani. Nilitangulia siku moja. Nilipoona sebule imejaa weupe ule, nilimwambia mama atoe vitambaa, nyumba ionekane ya kisasa. Nilitumia neno ushamba. Hakunijibu. Alivikunja kimoja kimoja, akavitia kwenye sanduku la bati. Wageni walikuja, wakala kuku, wakakalia viti vilivyochubuka rangi, wakaenda.

Jioni ile dada yake baba, Senge, aliniita nje karibu na jiko. "Unajua karo ya kidato cha tano ilitoka wapi?" Nikasema ilitoka kwa mahindi. "Mahindi ya mwaka gani? Mwaka ule wa njaa?" Kisha akanitajia wake za walimu walionunua seti, mmoja baada ya mwingine, na bei walizolipa. Alizikumbuka zote.

Nilikusudia kumwomba mama radhi. Mtu hudhani ana muda. Alifariki 2004, na sanduku lile likaenda kwa dada yangu Kiminini. Ndani mna mishono kumi na minne tofauti. Mitatu kati yake hakuna mtu katika ukoo anayejua jina lake, na mmoja hakuna anayeweza kuurudia, ingawa dada yangu aliufumua ukingoni kidogo ili aone ulivyoanza.

Mwanafunzi wangu alinirudishia tafsiri Jumatatu. Ameacha "blanketi ya viraka" katika usemi wa bibi na kutumia "mfarishi" pale msimulizi anapozungumza, uamuzi ambao nimeukubali. Pia alikuwa amempigia mama yake simu na kuandika majina ya mishono tisa. La sita tulishindwa kukubaliana tahajia yake. Yeye anasikia "b", mimi nasikia "p". Anasema atamrekodi mama yake akitamka atakapoenda nyumbani Desemba, ikiwa nauli ya Kimilili haitapandishwa mara mbili kama mwaka jana.