Kahawa ya Kanazi na Njia ya Kisumu

Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, mustakabali wa viwanda vya Bukoba ulianza kuamuliwa ng'ambo ya Ziwa Victoria. Kahawa ya Kanazi, kule Bukoba, makao ya Omukama (mfalme) Kahigi aliyeshirikiana na Wajerumani, ilipata soko la mbali, lakini iliondoka kwa meli bila kukaangwa. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 iliongeza njia ya kutokea. Lakini kazi ya kukaanga na kuchanganya, yenye faida nono, ilibaki Ulaya. Mtu atauliza: je, kiwanda cha TANICA hakikujengwa Bukoba, kikatengeneza kahawa ya kuyeyuka? Kilijengwa, na ni fahari ya Mkoa wa Kagera. Hata hivyo kiwanda kimoja hakiwezi kugeuza mkondo wa biashara uliochimbwa kwa miongo ili kubeba buni tu.